Nyumba za Kuhama za Barbados

Ndugu zangu, habari za ukoloni wa Barbados, kisiwa cha Karibi, naomba nizianzie kwenye nyumba. Ni kijumba cha mbao kilichokalishwa juu ya mawe, hakina msingi. Ikibidi, kinafumuliwa, mbao zinapakiwa kwenye mkokoteni, kinasimamishwa kwingine. Jina ambalo wenyeji wamekipa, “chattel house”, lina maana ya mali inayohamishika.

Mtu hujenga hivyo akijua kuwa ardhi si yake.

Waingereza walihamia kisiwani mwaka 1627. Katika miaka ya 1640 wakaleta miwa, na misitu ya kisiwa hicho cha kilomita za mraba 430 ikafyekwa karibu yote. Mwaka 1661 wakatunga sheria ya watumwa, ambayo Jamaika nayo iliinakili. Pasaka ya 1816 mashamba yaliwaka moto. Bussa, kiongozi wa uasi, aliuawa akipigana.

Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ila watu wakaendelea kushikiliwa kwa jina la uanagenzi hadi 1838. Uingereza ikatenga fidia ya pauni milioni 20, na fedha hizo wakapewa waliomiliki watu katika makoloni yake. Waliotumikishwa hawakupewa hata senti. Kila nikilisema hili linaniuma upya.

Sasa, kule Jamaika aliyeachwa huru aliweza kupanda milimani akafyeka shamba lake. Wa Barbados angekwenda wapi? Miwa ilikuwa imefika mlangoni. Akabaki kwenye kiwanja cha tajiri, na ruhusa ya kukaa ikafungwa pamoja na kazi: ukiikataa kazi, beba nyumba yako uondoke. Mimi huo siuiti uhuru.

Mwaka 1937 Clement Payne aliwahamasisha wafanyakazi wa Bridgetown, mji mkuu. Serikali ikamfukuza nchini, mji ukalipuka kwa hasira, na watu 14 wakapoteza maisha. Kutoka hapo vyama vya wafanyakazi vikapata nguvu, na mwaka 1951 watu wazima wote wakapiga kura bila kuulizwa mali zao. Tarehe 30 Novemba 1966 Errol Barrow akawa Waziri Mkuu wa nchi huru.

Lakini wengi waliipokea bendera wakiwa bado kwenye ardhi ya shamba. Ilichukua miaka 14 zaidi. Sheria ya mwaka 1980 iliwapa wapangaji wa mashambani haki ya kununua viwanja vyao kwa senti 10 kwa futi ya mraba. Sasa mtu aliweza kuchimba msingi bila kumwomba tajiri.