Tundu la sindano kwenye sola za angani: jaribio la yai na siki

Karibuni tena barazani kwetu, hapa Raskazone, Tanga. Tunaokaa na upepo wa bahari tunalijua hili: bati huanza kuliwa na kutu pale penye tundu la msumari. Leo tunautazama ugomvi wa namna hiyo kilomita 400 juu, kwenye sola za Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Andaa mayai mawili ya kuchemsha yaliyopoa, rangi ya kucha, sindano, siki nyeupe na gilasi mbili.

Paka mayai yote mawili, upande mmoja ukauke ndipo ugeuze. Rudia mkono wa pili. Usiharakishe, jana mimi nilikimbilia, brashi ikaruka mahali, yai likaliwa nisipopataka.

Tukisubiri likauke: kule juu jua huvunja oksijeni ikawa atomu mojamoja, na kituo huzigonga kikienda karibu kilomita 8 kwa sekunde. Plastiki ya Kapton inayobeba seli za sola huliwa taratibu. Kwa hiyo imepakwa oksidi ya silikoni pande zote mbili, unene wa nanomita 130 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mbona hiyo hailiwi? Imeshaungana na oksijeni zamani. Jivu haliungui mara ya pili. Kwetu leo siki ndiyo oksijeni hiyo, ganda la yai ndilo Kapton, na rangi ya kucha ndiyo oksidi.

Sasa toboa rangi ya yai moja kwa ncha ya sindano, mara moja tu, uguse ganda bila kulipasua. Kila yai kwenye gilasi yake, mimina siki ilifunike, weka kijiko juu lisielee.

Sogeza macho. Mnaona uzi wa mapovu? Unatoka palepale tulipotoboa. Likitoa mapovu lile zima, ujue brashi yako nayo iliruka.

Acha hadi kesho asubuhi. Suuza, kisha bonyeza polepole kandokando ya tundu. Panabonyea, na si padogo kama sindano! Siki iliingia ikakuta rangi juu, utando wa yai chini, ikala pembeni. Sampuli zilizokaa angani na LDEF, chombo cha NASA cha kujaribia vifaa angani, 1984 hadi 1990, zilirudi na mapango kama haya chini ya vitundu vidogo.

Kupaka nene nako si dawa. Sola zile zilipandishwa zikiwa zimekunjwa, na tabaka nene la oksidi hupasuka kwenye mikunjo.

Yai hili haliliwi tena, hata kwa pilipili.