Sponji kwanza, samaki baadaye

Habari zenu jamani, wakubwa shikamooni. Maiki inasikika huko nyuma? Haya.

Nimekuja na sponji mbili. Hii moja mpya, haijawahi kugusa maji. Hii nyingine iko ndani ya kopo la maji na imeshakuwa rangi ya tope, ukiiminya inatoa uchafu ambao mtu wa nyumbani akiuona atakwambia nenda katupe. Nazipitisha zizunguke, mziangalie, ila hiyo ya kwenye kopo naomba msiitoe kwenye maji. Nimeitwa niongelee tangi la karantini la samaki wapya, na kwangu mimi ile karantini inayookoa samaki na ile inayowaua zinatofautiana hapo tu, kwenye hizo sponji mbili. Mengine yote ni nyongeza.

Neno karantini tangu 2020 hakuna asiyelijua. Lina asili ya Kiitaliano, siku arobaini, meli ikitoka kwenye tauni inawekwa pembeni kwanza, na kabla ya hizo arobaini mji wa Ragusa, ambao siku hizi ni Dubrovnik, mwaka 1377 uliweka sheria ya siku 30. Hao watu walikuwa hawajui bakteria ni kitu gani lakini walishajua kwamba ugonjwa unajificha kwanza, ukisubiri utajitokeza wenyewe. Sisi tuna hadubini na dawa za kila rangi na bado tunakata mfuko tunamwaga samaki mpya moja kwa moja kwenye tangi kubwa.

Na mimi nilimwaga hivyohivyo. Samaki wadogo sita wa aina ya neon, wanang'aa, wanakula, hawana shida yoyote. Siku ya tano nikamwona mmoja anajikwaruza kwenye jiwe nikasema huyu anacheza. Siku ya saba vidoa vyeupe, yani kama mtu kapita kanyunyizia chumvi, na wala sio kwa wale neon, ni kwenye mapezi ya enjelfishi wangu niliokaa nao miaka mitatu. Mpaka vumbi linatulia nilikuwa nimezika samaki 19.

Huyo kimelea anaitwa Ichthyophthirius multifiliis, jina refu kuliko samaki mwenyewe, na ukijua maisha yake ndo utaelewa kwa nini tunasubiri wiki na sio siku mbili. Kile kidoa unachokiona ni yeye yuko chini ya ngozi ya samaki anakula. Akishiba anatoka, anadondoka chini, anajifungia kwenye ganda lake, humo ndani anagawanyika na kugawanyika mpaka wanakuwa mamia, alafu ganda linapasuka wote wanatoka kuogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya kama siku mbili wanakufa. Sasa sikilizeni hapa, dawa haimpati aliye chini ya ngozi, haimpati aliye kwenye ganda, inampata yule anayeogelea tu. Kwa hiyo mtu anatia dawa, vidoa vinapotea, anafurahi anaacha dawa, kumbe hawajafa, wamedondoka kwenda kuzaliana. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima ni siku chache tu, kwenye maji baridi ya nyuzi 10 unaweza kupita mwezi. Na wengine wanakaa kwenye matamvua ambako huoni kidoa chochote, kwa hiyo ile ya "nilimkagua dukani alikuwa msafi" haikusaidii kitu.

Basi nikajifunza, nikanunua tangi dogo la pili. Nikaliosha vizuri, nikaweka hita, filta mpya, maji safi kabisa yanametameta, nikaweka samaki wanne wapya. Siku ya nne asubuhi nawakuta wote wako juu kabisa ya maji, midomo inapumpu, matamvua mekundu kama yamechubuliwa, na mimi akili yangu moja kwa moja kwenye ugonjwa, nikatia dawa! Jioni wawili wamekufa. Nilipokuja kupima maji nikakuta amonia imepanda mpaka ile rangi ya kijani iliyoiva kwenye kadi ya kipimo. Hawakuwa wagonjwa jamani. Niliwaua mimi kwa usafi wangu.

Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inatokea kwenye matamvua yake, na ni sumu. Kwenye tangi kubwa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, alafu wengine wanaigeuza kuwa nitreti ambayo samaki anaivumilia. Hao bakteria hawaishi kwenye maji, wameng'ang'ania kwenye vitu, kwenye mawe, kwenye vioo na zaidi ya yote kwenye filta. Ndo maana kuchota maji ya tangi la zamani kujazia jipya, kitu ambacho nasikia watu wanashauriana kila siku, hakuhamishi karibu chochote. Ukitaka kuwahamisha bakteria hamisha walikokaa, na walikokaa ndo hiyo sponji chafu iliyopo kwenye kopo. Wewe leo hata kama huna mpango wa kununua samaki, weka sponji ya ziada ndani ya tangi lako kubwa, iunganishe kwenye pampu ya hewa au ibane tu nyuma ya filta maji yapite, iache wiki nne mpaka sita. Siku ya samaki mpya unaitoa unaipeleka kwenye tangi dogo moja kwa moja ikiwa imelowa, usiisuuze kwa maji ya bomba maana klorini itakuulia mtaji wote.

Tangi lenyewe sasa, hapa nitaenda haraka kwa sababu halina maajabu. Kwa samaki wadogo lita 40 inatosha, wakubwa nenda 80 au zaidi, na boksi la plastiki safi linalobana maji linafanya kazi vilevile. Chini acha wazi, usiweke changarawe, unataka kinyesi ukione, na dawa nyingine zinanyonywa na mawe hasa yenye chokaa. Pampu ya hewa iweke juu ya usawa wa maji au uweke valvu ya kuzuia maji yasirudi, umeme ukikatika maji yanaweza kufuata mpira mpaka sakafuni. Vipande vya bomba la plastiki vya samaki kujificha, maana samaki aliye wazi pande zote anaishi kwa hofu na mwenye hofu haachi kuumwa. Pande tatu za kioo bandika karatasi nyeusi kwa nje. Na mfuniko! Samaki mpya kwenye tangi tupu anaruka, usiniambie wa kwako harukagi.

Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya tangi hilo peke yake. Wavu uliolowa ukitoka huku kwenda kule umehamisha kila kitu, karantini yako imebaki jina tu.

Piga hesabu ya maji, ili ujue kipimo cha dawa, ukiwa na akili tulivu sio usiku samaki amelala ubavu. Urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi la 50 kwa 30 lenye maji ya kina cha 27 ni lita 40 na nusu, sio 45 zinazotoka ukipima mpaka ukingoni. Mimi nimeandika 40 kwa kalamu ya wino mkubwa kwenye kioo chenyewe.

Siku ya kumpokea. Mfuko uelee juu ya maji dakika 15 au 20 joto lilingane, zima taa. Kama samaki amesafiri masaa mengi usiufungue mfuko alafu ukaanza kumdondoshea maji tone kwa tone masaa mawili, hiyo nakataa kabisa. Ndani ya mfuko uliofungwa pumzi yake imejaza kaboni dioksidi, maji yamekuwa na asidi, na kwenye asidi amonia inakaa kwenye hali yake isiyo na makali. Ukifungua hewa inatoka, asidi inapungua, amonia inaamka, na yeye bado yumo humo. Mwongeze maji kidogo kwa muda mfupi, mtoe kwa wavu muweke kwenye tangi, maji ya mfuko yamwagwe nje.

Alafu usifanye kitu. Najua hii ndo inawashinda wengi. Wiki nne, mimi napenda sita, na asilimia kubwa ya hizo wiki kazi yako ni kukaa kwenye stuli na kuangalia. Siku ya kwanza asipokula sina wasiwasi, siku ya nne asipokula naanza kuuliza. Matamvua yanapiga kasi? Pima amonia kwanza kabla ya kugusa dawa, ikionekana chochote badilisha maji nusu, yenye joto sawa na yaliyoondolewa klorini. Tochi imulike kwa ubavu, ukiona kama vumbi la dhahabu kwenye ngozi huo ni ugonjwa mwingine sio ule wa madoa, unaitwa velveti, na unaua haraka zaidi. Uzi mwekundu unachungulia kwenye njia ya haja, anaingia ndani ukimshtua samaki, huyo ni mnyoo anaitwa Camallanus, dawa yake ni levamisoli, na dawa ya madoa hata ukimwaga chupa nzima haimgusi. Utando mweupe mdomoni kama pamba mara nyingi watu wanasema fangasi, kumbe mara nyingi ni bakteria wa kolumnarisi, na huyo anapenda joto, kwa hiyo ukipandisha hita kama ulivyosoma kwa madoa meupe unamsaidia adui. Ukipandisha joto kwa sababu yoyote ongeza hewa, maji ya nyuzi 30 yanabeba oksijeni pungufu kuliko ya 25.

Kuna wanaotia dawa kwa kila samaki mpya bila kuona dalili. Sibishani nao kwa dawa ya minyoo, ila kumwaga antibayotiki kwa samaki mzima mimi siungi mkono, unaweza kuua hao bakteria wa sponji, alafu tunarudi kwenye amonia, na unafuga vijidudu sugu bure. Ukitia dawa toa makaa ya filta, yanainyonya yote.

Maswali? Ndio dada.

Anauliza konokono na mimea nayo inahitaji karantini. Inahitaji, lakini hao ni rahisi. Kimelea wa madoa hawezi kuishi kwa konokono, anaweza tu kubebwa ganda lake limeng'ang'ania juu, kwa hiyo waweke kwenye chombo kisicho na samaki, maji ya nyuzi 25 hivi, wiki mbili tatu, anakufa kwa njaa. Ila chombo ambacho umewahi kutilia dawa yenye shaba usimuwekee konokono, shaba inamuua.

Kaka pale. Sponji ikimaliza karantini inarudi tangi kubwa? Hapana, hata kama hukuona ugonjwa. Chemsha au iloweke kwenye dawa ya kufulia yenye klorini, isuuze, ianike mpaka ikauke kabisa, alafu ianze upya kujaza bakteria kwenye tangi kubwa. Tangi nalo limwage maji ulianike, sio lazima likae na maji mwaka mzima.

Muda naona wananionyesha saa. Hiyo sponji ya kwenye kopo iko kwa nani? Naomba irudi mbele na mfuniko ufunguliwe, bakteria wangu wana nusu saa humo hawana hewa na Jumamosi nina samaki wanakuja.