Sambusa 24 na golikipa wa kulipwa hadi 2029

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi cha magongo ya barafuni. Mimi Rehema, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Toronto, mji ambao mara ya mwisho kunyanyua Kombe la Stanley, lile la mabingwa wa hoki, ilikuwa 1967. Niko na kaka yangu wa Tanga.

SUDI: Sudi hapa. Na kabla hujasema lolote, dada, mimi sikushindwa.

REHEMA: Wasikilizaji, Jumamosi tulikwenda kumtazama mwanangu akicheza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barafu ndani, barafu nje. Huyu mjomba wake akaapa kwamba timu ya mtoto inashinda, tukawekeana sambusa dazeni mbili. Wakafungwa.

SUDI: Dakika za nyongeza! Kwenye NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada, ukifungwa ndani ya dakika 60 unaondoka mikono mitupu. Ukifungwa baada ya hapo, unapewa pointi moja. Nipunguzie deni.

REHEMA: Hapo ndipo hesabu za mchezo huu zinaponichosha. Mechi ikiisha ndani ya muda, zinagawiwa pointi 2. Ikienda nyongeza, zimeshakuwa 3. Hiyo ya tatu imetoka wapi?

SUDI: Hiyo ni sahani ya pilau ya harusi. Bibi harusi hukumpata, lakini hurudi kwako na njaa.

REHEMA: Ndiyo maana ukitazama msimamo wa ligi, timu nyingi zinajitapa zimevuka nusu ya pointi. Karibu darasa zima liko juu ya wastani! Mwalimu wangu wa hesabu angeshafuata bakora.

SUDI: Na mtoto je, alikasirika?

REHEMA: Kwenye gari ananiuliza, “Mama, mimi ni kutoa mbili. Nimecheza vibaya?” Wenye kutufuatia kutoka nyumbani, kuna hesabu inaitwa jumlisha-toa. Timu yenu ikifunga ukiwa barafuni, unaandikiwa jumlisha moja. Mkifungwa, toa moja. Sasa lile bao la pili mimi nililiona kwa macho yangu. Kwenye hoki mnabadilishana wachezaji mchezo ukiendelea, si ndiyo? Mwanangu alikuwa anaruka ule ukuta wa benchi, mguu mmoja uko barafuni, wa pili bado unaning'inia, paki, kile kisahani tunachokiita mpira wa hoki, imo wavuni.

SUDI: Toa moja.

REHEMA: Toa moja! Hata kipa wake hajamwona!

SUDI: Ni kama daladala. Umepanda sasa hivi, hata nauli hujatoa, tairi limepasuka. Wote shukeni, wote sukumeni.

REHEMA: Kuna namba hazisemi uongo lakini zina hila. Mchezaji naye ana pointi zake: mabao aliyofunga na pasi za mabao. Unajua rekodi ya pointi hizo kwa ndugu wawili? Ni ya akina Gretzky, 2,861. Wayne ana 2,857.

SUDI: Na Brent ana nne. Usimcheke, anaitwa mwenye rekodi.

REHEMA: Mimi nawe tukijumlisha mali zetu, na wewe tajiri.

SUDI: Haya, tuiache jumlisha-toa. Tushike namba ya wasomi, Corsi. Unahesabu mashuti yote mchezaji akiwa barafuni: yaliyolenga goli, yaliyopaa, na yale ambayo beki wa watu kayazuia kwa goti. Yenu mnajumlisha, ya wapinzani mnatoa. Mabao ni machache, mashuti ni mengi, kwa hiyo unaona vizuri zaidi nani alihamia kwa mwenzake jioni nzima.

REHEMA: Mimi nilidhani Corsi ni profesa.

SUDI: Jim Corsi alikuwa kocha wa magolikipa wa timu ya Buffalo. Alihesabu mashuti yote ili ajue kipa wake kafanya kazi kiasi gani, maana kipa hujiandaa kwa kila shuti, liwe linakuja golini au linapotea.

REHEMA: Basi mwanablogu mmoja, Tim Barnes, ndiye akaisambaza hesabu ile. Alikuwa amemsikia meneja mkuu wa Buffalo, Darcy Regier, akiizungumzia, akataka kuiita kwa jina la Regier. Halikumkaa mdomoni. Kisha akaona picha ya Jim Corsi.

SUDI: Akayapenda masharubu.

REHEMA: Masharubu, ndugu zangu! Leo watu na shahada zao wanagombana kwenye runinga, Corsi hii, Corsi ile, na chanzo chake ni nywele za juu ya mdomo.

SUDI: Uliyaona lakini? Yale masharubu yanastahili.

REHEMA: Siwalaumu wahesabuji. Mimi nagombana na mwenye kalamu ya kusaini mikataba. Twende New York, kwa timu ya Islanders.

SUDI: Hapo lete chai kwanza.

REHEMA: Mwaka 2000. Meneja mkuu ni Mike Milbury. Ana golikipa kijana, Roberto Luongo. Anampeleka Florida, na siku hiyohiyo anatumia nafasi ya kwanza kabisa ya kuchagua chipukizi kumchukua golikipa mwingine, Rick DiPietro. Una mbuzi wa maziwa bandani, unamtoa ili upate mbuzi wa maziwa.

SUDI: Na yule uliyemtoa akacheza mechi zaidi ya 1,000 na kuingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa hoki.

REHEMA: Mwaka uliofuata akamtoa Zdeno Chara, beki wa mita mbili na ushei, pamoja na nafasi ya pili ya kuchagua chipukizi, ampate Alexei Yashin. Yashin akapewa miaka 10, dola milioni 87.5. Ilipofika 2007 wakamlipa aende zake.

SUDI: Chara akanyanyua kombe na Boston 2011, tena nahodha. Halafu 2021 akarudi Islanders ana miaka 44.

REHEMA: Mtoto uliyemfukuza nyumbani amekurudia na mvi, anabisha hodi, anauliza kama chai imeiva.

SUDI: Sasa 2006. Wanamleta meneja mkuu mpya, Neil Smith. Siku kama 40, wamemfukuza.

REHEMA: Siku 40! Mzazi ndiyo kwanza anatoka nje!

SUDI: Mwenye timu, Charles Wang, anatafuta mrithi. Anampata wapi? Kwenye benchi lake mwenyewe. Garth Snow, golikipa wa akiba. Anavua glavu, anavaa tai, anaonyeshwa ofisi. Na Septemba ya mwaka huohuo, DiPietro, yule aliyekuwa akimweka benchi, anasaini miaka 15. Dola milioni 67.5.

REHEMA: Tusimame hapo. Huyu ni golikipa. Riziki yake ni kupiga magoti na kupasua miguu huku na huku kama mkasi. Miaka 15! Mimi friji yangu ilikuja na dhamana ya mwaka mmoja, nayo ilikaa palepale ukutani.

SUDI: Tumpe haki yake, msimu wa kwanza wa mkataba alishinda mechi 32.

REHEMA: Nampa. Kisha nyonga, kisha goti. Misimu yake mitano ya mwisho pale alicheza mechi tano, nane, 26, nane, tatu. Jumla 50. Hiyo si takwimu, hiyo ni namba ya simu.

SUDI: Na ngumi umeisahau. Februari 2011, yeye na golikipa wa Pittsburgh, Brent Johnson. Makipa wawili wamejifunga magodoro mwili mzima, wanafuatana katikati ya barafu kama makochi yanayohama nyumba. Johnson akarusha moja tu. DiPietro chali, mifupa ya uso imevunjika.

REHEMA: Corsi yake ngapi hapo?

SUDI: Shuti moja, limelenga goli.

REHEMA: Astaghfirullah, Sudi. Mwaka 2013 wakachoka, wakauvunja mkataba. Lakini kuvunja kuna gharama: dola milioni 24, zigawanywe kwa miaka 16. Milioni moja na nusu kila mwaka mpaka 2029. Mtu yuko kwake, amekunja nne, hela inaingia.

SUDI: Dada, hebu rudia hiyo hesabu.

REHEMA: Milioni 24 kwa miaka 16.

SUDI: Na mimi unanidai sambusa ngapi?

REHEMA: Sudi, usianze.

SUDI: Dazeni mbili ni 24. Miaka 16. Inakuja sambusa moja na nusu kwa mwaka. Idi hii nakuletea ya kwanza, ya nyama, na ndimu yake.

REHEMA: Na ile nusu inayobaki kila mwaka?

SUDI: Naila mimi. Nilifungwa dakika za nyongeza.