Kifaa cha Kuvaa Hakiondoi Fimbo Nyeupe

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Tuliokuja na fimbo tuzikunje, tuziweke chini ya viti, tusije tukaangushana.

Nimeombwa nizungumzie vifaa vya kuvaa kwa sisi tusioona na wenzetu wenye uoni hafifu. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Mwalimu, nikipata hicho kifaa, fimbo niitupe?" Hapana, na sababu ziko kwenye mitaa yetu hii hii.

Fimbo nyeupe inakagua ardhi. Inakwambia hapa pana mtaro hauna mfuniko, hapa lami imeisha, hapa mtu kaegesha pikipiki. Kuanzia kiunoni kwenda juu, haijui kitu. Pita Kariakoo, Mtaa wa Kongo: fimbo inapenya salama pembeni ya meza ya machinga, paji la uso linakutana na ubavu wa mwavuli wake. Hapo ndipo bangili inayotetema inapojipatia kazi. Inatoa mlio wa juu mno, kwa kawaida kama kilohezi 40, ambao sikio la binadamu halisikii. Mlio ukigonga kitu unarudi, na bangili inapima muda uliopita. Sauti hewani hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo nguzo iliyo mita 2 mbele yako inajibu ndani ya milisekunde 12 hivi. Ukiisogelea, mtetemo unazidi.

Udhaifu wake wauzaji hawautaji. Nguo zinameza mlio. Mitumba iliyotundikwa inarudisha mwangwi hafifu, na kule Kariakoo nguo ndiyo kuta za njia! Mtaro ndiyo usiseme. Bangili inaelekea mbele, haielekei chini. Itanyamaza, nawe utatumbukia.

Miwani yenye kamera ni habari nyingine. OrCam MyEye, iliyobuniwa Israeli, hubandikwa kwenye fremu ikakusomea maandishi kwa sauti. Kwa barua, risiti au boksi la dawa, sina ubishi, inasaidia sana. Barabarani ndipo ninapoitilia shaka. Masikio yetu tayari yako kazini: bodaboda inakuja upande usio wake, konda anaita "Mbagala! Mbagala!", na wewe bado hujavuka. Ukiongeza mashine ya kukusimulia, utasikiliza kipi? Ukilazimika, tafuta spika zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio, tundu libaki wazi. Mimi natembea na mtetemo. Hauhitaji sikio, na hauna Kiingereza.

Jambo jingine ni matengenezo, na hapa wanaopokea misaada wasisinzie hata kidogo. Argus II ya Marekani ilikuwa mashine ya kupandikizwa ndani ya jicho, ikishirikiana na miwani yenye kamera. Iliidhinishwa kwao mwaka 2013. Kampuni yake, Second Sight, iliachana nayo, na kufikia 2020 ilikuwa hoi kifedha. Waliopandikizwa, zaidi ya 350 duniani, wakabaki na mashine jichoni na hawana pa kupata vipuri. Basi ukiletewa kifaa, hata cha bure, uliza: betri yake inabadilishwa? Fundi yuko Dar? Kikiingia maji ya mvua ya masika, inakuwaje?

Nimemaliza, bangili hii inaanza kuzunguka kutoka kulia. Maswali karibuni. Taja jina kwanza, maana mikono iliyonyooshwa humu wengi hatuioni.