Mpangaji Ametoka: Anza na Maji, Rangi Baadaye

Haya, karibuni tena. Leo tuko kwenye nyumba tupu. Mpangaji ametoka, mwingine bado hajaingia, na hapa ndipo mwenye nyumba mgeni anapokimbilia kununua rangi. Iache kwanza. Kwenye nyumba ya kupangisha, mimi huanza na maji. Ukipaka rangi juu ya ukuta wenye unyevu, itabanduka kabla mpangaji hajamaliza kupanga vyombo.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Funga mabomba yote, choo kisiguswe, kisha nenda kwenye mita. Piga picha ya namba, kaa saa nzima bila mtu kutumia maji, soma tena. Namba zikilingana, tunahamia kwenye... Ngoja. Ngoja kidogo, kamera isogee hapa. Mnakiona hiki kigurudumu kidogo pembeni ya namba? Kinazunguka. Kila kitu kimefungwa, na chenyewe kinazunguka!

Basi ratiba ya leo imeishia hapo, twendeni chooni. Kwa nini chooni? Kwa sababu bomba la jikoni likidondosha utalisikia, lakini choo kinaweza kuvuja mwezi mzima bila kelele na bili ikapanda huku mnatuhumiana na mpangaji.

Funua tangi. Taratibu, huo mfuniko ni kauri. Ona kina cha maji: yanatakiwa yaishie sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa hili bomba la maji ya ziada. Haya yetu yamefika juu na yanamiminikia humo ndani. Mbaya wetu ni boya, hiki kifaa cha kufunga maji tangi likijaa, halifungi tena. Kama kwako kina kiko sawa, tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi na usiflashi kwa nusu saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa chini, ule unaoziba tundu la kushushia maji bakulini, umechoka, badilisha huo.

Boya letu tunalitoa lote. Funga koki ya choo, flashi, kausha maji yaliyobaki kwa sponji, fungua mpira unaoleta maji kwenye tangi, fungua nati ya chini, vuta. Limetoka. Safisha tundu kwa kitambaa, uchafu wa miaka usibaki.

Sasa tulieni. Boya jipya lina mpira wake wa kuzibia. Mpira unakaa NDANI ya tangi, nati inakaa nje. Halafu hii nati ni ya plastiki. Ikaze kwa mkono mpaka ikatae, kisha spana iongeze robo mzunguko tu. Robo! Narudia kwa wale mliokuwa mnasoma ujumbe: mkono, halafu robo. Kinachozuia maji ni ule mpira, nguvu za bega hazihitajiki. Ukizidisha, nati inapata ufa usioonekana, au tangi lenyewe linapasuka, na kasoro hiyo haitajitokeza ukiwa umesimama hapo. Inasubiri usiku, mpangaji amelala.

Fungua koki. Pitisha karatasi kavu ya chooni chini ya nati. Imebaki kavu? Safi. Ikilowa, usikimbilie kukaza. Fungua, angalia kama mpira umekaa upande. Na robo mzunguko, nishasema? Nishasema.

Rekebisha kina, rudi kwenye mita. Kigurudumu... kimetulia. Raha iliyoje, jamani.

Ukuta tuumalize upesi. Pale penye doa, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa tepu, kiache siku nzima. Majimaji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani: tafuta paa au bomba. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa nzito, chumba kinahitaji dirisha linalofunguka. Baada ya hapo ndipo ukwangue, upige msasa, upake. Napendelea rangi moja nyumba nzima, inayofutika kwa kitambaa, na kopo lililobaki naandika juu yake jina na namba ya rangi. Soketi na nyaya mwachie fundi umeme mwenye leseni, hapo sina utani.

Siku ya makabidhiano, zungukeni nyumba pamoja na mpangaji. Picha kila chumba, ndani ya kabati, chini ya sinki. Hesabuni funguo. Someni mita mkiwa wawili, andikeni namba na tarehe, wote mtie saini, kila mmoja abaki na nakala. Fomu ninayoiuza ipo chini ya video, lakini hata daftari linatosha, msije mkasema nimewabana. Dipoziti iweke mbali na matumizi yako, kwani hiyo bado ni pesa ya mpangaji.

Na ukipiga hesabu ya kodi ya mwaka, usizidishe ya mwezi mara 12. Zidisha mara 11, kwa sababu nyumba hukaa tupu kama hii ya leo. Binafsi, sehemu ya kumi ya kila kodi naitenga kwa matengenezo kabla sijaigusa. Boya hili limetoka humo humo.

Mfuniko wa tangi umerudishwa? Haya, zima kamera, mikono yangu inanuka.