Ulaini wa Bawa: Kumpiga Picha Bundi Akiruka na Kuihariri Picha Yake

Mwenyekiti, wakufunzi, na ninyi ndugu zangu wapiga picha,

Nimeombwa nizungumze juu ya kumpiga picha bundi wa porini akiwa hewani, na juu ya kazi inayofuata baadaye mbele ya kompyuta. Naomba nianze na bawa lenyewe, kwa sababu picha nyingi za bundi huharibiwa na mtu asiyelijua bawa analolipiga. Unyoya wa nje kabisa wa bawa la bundi una vijimeno upande wa mbele, kama vya kitana. Ukingo wa nyuma wa manyoya yake umekuwa matamvua membamba. Na uso wa juu umefunikwa vinyweleo laini sana. Mambo haya matatu hupunguza mvumo wa hewa, ndiyo maana bundi anaweza kupita karibu na sikio lako usisikie kitu. Mambo hayo hayo ndiyo yanayozifanya kingo za bawa lake zisiwe na mpaka mkali. Picha nzuri ya mwewe huonyesha kila unyoya na mpaka wake, lakini picha nzuri ya bundi hubaki na kingo laini, na ulaini huo hautokani na lenzi mbovu wala mkono uliotetemeka. Kwa hiyo kazi ya mhariri ni kufuta chenga za kamera, yaani vile vidoadoa vinavyotokea picha ikipigwa penye mwanga hafifu, bila kuufuta ulaini wa ndege.

Ni bundi yupi basi? Wengi hupenda kuanza na bundi mweupe wa maghalani, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban sentimita 90 ilhali mwili wake una uzito wa gramu 300 au zaidi kidogo. Ni ndege mzuri mno, lakini kwetu Afrika Mashariki hutoka giza likiwa limeshaingia, na humpati bila flashi. Mimi nawashauri mwanzie kwa bundi wa vinamasi, Asio capensis, anayeishi katika nyasi ndefu na kingo za mabwawa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Huyu huanza kuwinda jua likiwa bado lipo, hasa siku ya mawingu, na huruka chini, taratibu, akigeuka na kurudi juu ya eneo lile lile.

Suala la mwanga linahitaji hesabu. Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jioni ni ndefu. Huko Uskoti katikati ya Juni, mwanga wa baada ya machweo hudumu karibu saa moja. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, na mwanga wa kufanyia kazi huisha kwa dakika 20 hivi. Katika dakika hizo mwanga hupungua kwa nusu takriban kila dakika tatu. Maana yake ni kwamba nusu saa kabla ya machweo, penye anga safi, unaweza kutumia kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde, tundu la lenzi la f/4, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ambao ukipandishwa huleta chenga) isiyozidi 1600 au 3200. Jua likishagusa upeo, mpangilio huo huo utakudai ISO 20000. Hapo ndipo inapokubidi uchague. Mimi hushusha kasi hadi 1/800, nikasubiri bundi anyooshe mabawa na kuteleza hewani, kwa kuwa akipiga mabawa ncha zake zitapotea, ila akiteleza 1/800 inamtosha. Jua likishazama kabisa, ni heri kuweka lenzi mkobani.

Upepo nao una sheria yake. Bundi anayewinda hupenda kuruka taratibu akiukabili upepo, kwa hiyo simama upepo ukikupiga mgongoni, na ikiwezekana jua nalo liwe nyuma yako. Hapo atakuja akikutazama usoni, na ule mwanga wa chini utaingia katika macho yake, jambo muhimu sana kwa bundi huyu mwenye macho meusi yaliyozungukwa na manyoya meusi. Bila nukta ya mwanga ndani ya jicho, uso wake huwa mashimo mawili. Kamera za miaka hii ya karibuni hutambua jicho la ndege zenyewe, lakini jicho jeusi ndani ya manyoya meusi huzichanganya. Usione aibu kurudi kwenye eneo dogo la kulenga katikati ya fremu.

Sasa tuje mezani. Piga faili ghafi (RAW), yaani data yote ya kamera kabla haijachakatwa, kwa sababu nusu ya kazi nitakayoieleza haiwezekani kwenye JPEG, picha ambayo kamera imeshaichakata na kuibana. Jambo la kwanza ni kuondoa chenga, kabla ya kukata picha na kabla ya kuongeza ukali. Programu za leo zinazotumia akili mnemba hufanya kazi hiyo kwa ustadi wa kushangaza, na hapo ndipo hatari ilipo: zikisukumwa hadi mwisho, huanza kubuni. Zimefunzwa kwa picha nyingi, nazo zikikuta ukingo wa bawa ulio laini hudhani ni ukungu, zikachora vijinyuzi ambavyo ndege hakuwa navyo. Matokeo yake ni bundi mwenye manyoya ya waya. Ndiyo maana mimi hubaki kwenye theluthi ya nguvu ya programu, kisha naikagua picha kwa asilimia 100 kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, kabla sijatazama uso. Kumbukeni pia kwamba picha ya megapikseli 24 ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 2000 kwa ajili ya simu hupoteza chenga nyingi yenyewe. Chenga inayokukera kwenye skrini kubwa huenda hakuna atakayeiona.

Ukali uongezwe kwa barakoa, yaani alama ya kuchagua sehemu zitakazobadilishwa, nayo ichague uso, mdomo na kucha peke yake. Jicho laweza kuongezwa mwanga kidogo, si zaidi ya nusu stopu (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili). Bundi wa vinamasi akiwa na jicho la kahawia linalong'aa, huyo si yeye tena. Rangi nayo ina mtego: kitufe cha kusawazisha weupe hulichukulia joto la machweo kuwa kosa, kikalifuta, na ndege wa kahawia akawa wa kijivu. Kuhusu kuhamisha tawi au kuongeza mwezi nyuma yake, mashindano makubwa ya picha za wanyamapori hudai faili ghafi kabla ya kutoa tuzo, basi sitapoteza muda wenu hapo.

Limebaki jambo moja ambalo mhariri mzuri kuliko wote hawezi kulirekebisha. Bundi wa vinamasi hutaga ardhini, ndani ya nyasi. Akikuzunguka kwa karibu huku akikoroma, au akijifanya amevunjika bawa, atakupa picha za ajabu, lakini anafanya hivyo kwa sababu umekaribia kiota chake. Rudi nyuma kwa njia uliyojia, hata kama kadi bado ina nafasi. Mwingereza Eric Hosking, bingwa wa picha za bundi, alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1937 aliposhambuliwa na bundi karibu na kiota. Kwetu anayeumia zaidi ni ndege. Watu wengi bado humwona bundi kuwa mchuro, na wapo wanaomuua kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuituma picha, futeni taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili, na katika maelezo andikeni jina la wilaya au kaunti tu, bila kutaja bwawa wala shamba.