Kumnasua ndege mdogo wa chini ya msitu

Ndugu zangu, Pogonocichla stellata ni jamaa ya kurumbiza: kichwa cha kijivu-samawati, tumbo la njano, uzito kama gramu 20. Anakula wadudu karibu na ardhi, kivulini. Hapa Usambara Mashariki, kazi ya mtafiti William Newmark iliyochapishwa mwaka 1991 ilionyesha kwamba vipande vidogo vya msitu hupoteza ndege wa tabaka hili, ndiyo maana tunawavika pete mguuni ili tuwafuatilie. Wavu wa mita 12 wenye matundu ya milimita 16 unatosha kumnasa. Kazi iko kwenye kumtoa.

Fyekeni vijiti vinavyogusa wavu tu. Msigeuze njia kuwa barabara. Kamba ya chini ya wavu iwe sentimita 30 au zaidi kutoka ardhini, kwani ndege akinasa, mfuko (mkunjo wa wavu anamoangukia) hulegea. Akigusa majani yenye umande atalowa, na ndege wa gramu 20 akilowa hupoa haraka. Mvua ikianza, toeni ndege, fungeni nyavu.

Kagueni kila dakika 20. Siafu ndio balaa. Ndege huyu hufuata misafara yao ili ale wadudu wanaokimbia, kwa hiyo mahali pazuri pa kumnasa ni pabaya pia. Siafu wakifika mfuko wa chini, watamuua. Ukiwaona chini ya wavu, ufunge siku hiyo, hata kama msafara unaelekea kwisha.

Sasa kunasua. Tafuta kwanza upande alioingilia. Puliza manyoya ya tumbo uone nyuzi zimepita wapi. Ukikuta ngozi tupu, nyekundu, iliyovimba, huyo anaatamia: mtoe na umwachie hapohapo, bila vipimo. Shika miguu yote miwili pamoja, juu, karibu na mapaja. Ukishika mmoja kwa chini unavunjika. Nyoosha mguu, vidole vitalegea vyenyewe. Kisha mabawa, mwisho kichwa. Ukikwama dakika tatu, mwite mzoefu. Naye akikwama, kateni uzi. Wavu hushonwa.

Kila ndege na mfuko wake wa kitambaa, mkavu. Mkipima, fungueni manyoya ya koo: doa jeupe limejificha humo, jingine liko mbele ya jicho. Chipukizi hana njano safi ya tumbo, andikeni umri.

Mwachieni kivulini, kimo cha goti, akiwa amezipa nyavu mgongo. Ukimrusha juu kwa mbwembwe, dakika inayofuata utakuwa unamnasua tena.